Boila ya mafuta inazima kila usiku wa baridi: kisa cha nyumba moja Lewiston

Malalamiko yalikuwa hivi: boila (lile dude la chuma linalochoma mafuta kupasha moto maji ya nyumba) inawaka vizuri mchana, radieta za vyumbani zinazopitisha hayo maji zinapata moto, ila usiku baridi ikikaza inazima yenyewe. Mtu anashuka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, anabonyeza kitufe chekundu, inawaka, inaenda dakika ishirini au nusu saa, inazima tena. Fundi alishaitwa, akabadilisha nozeli (kile kitundu kinachopuliza mafuta), filta na lile jicho linaloangalia moto, ikakaa siku chache poa afu ikarudi kulekule. Akaitwa tena akabadilisha elektrodi na transfoma ya cheche na filta nyingine, siku chache poa, ikarudi. Hapo mwenye nyumba ashaanza kuongelea kununua boila mpya, na boila mpya pamoja na kuifunga ni maelfu ya dola, wakati boila yenyewe ilikuwa haina ugonjwa wowote.

Naandika kwa urefu kwa sababu hiki kisa kinajirudia sana huku Maine, Marekani. Jimbo hili kama nusu hivi ya nyumba zinapashwa moto kwa mafuta, yale yanayofanana sana na dizeli ila yametiwa rangi nyekundu kwa sababu za kodi. Lewiston na Portland sa hizi kuna watu wengi tu wametoka Congo, Burundi, Rwanda, Somalia, na wengi wanakutana na boila kwa mara ya kwanza maishani ndani ya nyumba ya zamani ya kupanga, mwezi wa kwanza, nje ikiwa chini ya sifuri ya Fahrenheit yaani chini ya -18 kwa Selsiasi. Wanapewa funguo za nyumba, hakuna anayewapeleka besmenti kuwaonyesha lile dude la chuma ni nini na ukiona limenyamaza ufanye nini.

Mama mpangaji wa hii nyumba ametoka Kivu, alinipata kupitia mtu wa kanisani kwao. Akanambia, "Ndugu yangu, tunabonyeza inawaka, tukilala inazimika, watoto wanalala na makoti." Nikamuuliza, mama, leo mmebonyeza mara ngapi? Akasema hajui, kila anayepita anabonyeza. Nikamwomba sana kuanzia dakika ile asibonyeze mtu yeyote, wazime kabisa ile swichi yenye kibati chekundu juu ya ngazi za besmenti, naja.

Hili la kubonyeza nilikazie kidogo. Kila ukibonyeza kile kitufe pampu inapuliza mafuta ndani ya chumba cha moto, na kama hayakuwaka hayaendi popote, yanabaki humo yameloana. Kontrola mpya, yaani kile kisanduku chenye kitufe kinachoongoza moto, zikijifunga mara tatu mfululizo zinakataa kabisa mpaka fundi aje, na zimetengenezwa hivo kwa makusudi. Za zamani kama hii ya hapa zinakubali tu kila ukibonyeza. Sasa siku ikikubali kuwaka inawasha mafuta yote yaliyolundikana kwa mpigo mmoja, bomba la moshi linaweza kuchomoka, masizi nyumba nzima, na moto unaweza kutoka nje ya boila. Bonyeza mara moja. Ikizima tena, acha, ita fundi.

Na kingine, nilipofika nilikuta jiko la mkaa limewekwa karibu na mlango wa nyuma, tayari kuingizwa ndani ikibidi. Nawaelewa, kwetu mtu akisikia baridi anasogeza jiko. Ila nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, mkaa ndani ya nyumba kama hizi unaua watu wakiwa usingizini kwa hewa ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Jiko likabaki nje, nikahakikisha kengele ya hiyo hewa ipo na inafanya kazi, ndo nikashuka besmenti.

Kitu cha kwanza ni kujua boila imezimika kwa njia gani, manake boila kunyamaza kuna sababu nyingi na sio zote ni za moto. Inawezekana termostati imeridhika au betri zake zimekwisha, inawezekana mtoto amegusa ile swichi nyekundu juu ya ngazi (hii inatokea kuliko mnavyodhani), inawezekana maji ya boila yamefika joto la mwisho kama 180 Fahrenheit ikajizuia, au kile kifaa cha kulinda kiwango cha maji kimekata. Hapa haikuwa hata mojawapo. Kontrola ilikuwa imejifunga kweli, kitufe kimeruka juu, na kikijifunga maana yake ni moja tu: jicho lilitakiwa kuona moto na halikuuona.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Termostati inaita joto, kontrola inawasha mota, mota moja ndo inazungusha feni na pampu, cheche zinapiga kwenye elektrodi, pampu inasukuma mafuta kwenye nozeli yanatoka kama ukungu, yanawaka. Jicho linakaa nyuma ya huo moto likiona mwanga. Lisipouona ndani ya muda uliopangwa, sekunde 15 kwa kontrola nyingi za sasa na 45 kwa hizi za zamani, kila kitu kinakatwa. Kwaiyo nauliza maswali matatu tu. Moto haukuwaka kabisa? Uliwaka ila jicho halikuuona? Au uliwaka, ukaonekana, afu ukafa katikati? Hayo matatu yana magonjwa tofauti kabisa. Wa kwanza unatafuta cheche na mafuta, wa pili unatafuta jicho chafu au lililopinda, wa tatu karibu kila mara unafuata mafuta kurudi nyuma kuelekea kwenye tangi. Yule fundi wa kwanza alibadilisha vifaa vya makundi yote matatu bila kuuliza ni kundi gani, na mimi hiyo inaniumiza kwa sababu anayelipa ni mtu, na anayelala na koti ni mtoto.

Kabla sijawasha nilichungulia chumba cha moto kwa kioo na tochi. Kimelowa, harufu ya mafuta mpaka kwenye ngazi. Nilikausha na kusafisha nilichoweza ndo nikawasha nikiwa nimesimama palepale, na kwa muda ilinguruma vibaya ikichoma mabaki. Hiyo kazi asiijaribu mtu asiye fundi, na Maine fundi wa mafuta lazima awe na leseni ya jimbo.

Baada ya hapo ikatulia, ikawaka vizuri kabisa. Hapa ndo mafundi wengi wanafunga begi wanaondoka, kwa sababu inawaka! Lakini mama alishasema inaenda dakika ishirini, kwaiyo dakika tano za kuwaka hazinambii kitu. Nikafunga mita kwenye waya za jicho (kuna namna yake, na lazima usimame hapo muda wote kwa sababu unakuwa umeiondolea boila macho), na nikafunga geji ya vakyumu, yaani ya kupima nguvu ya kunyonya, kwenye upande wa pampu unaovuta mafuta. Nikakaa kwenye ndoo nikaangalia.

Jicho lilikuwa linasoma kama omu 500, omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Jicho linaloona moto mzuri linasoma chini, mia kadhaa, na likipanda kuvuka 1600 uanze kuwa na wasiwasi. Dakika ya kumi bado 500, dakika ya kumi na tano bado. Kwaiyo jicho ni zima na linaona vizuri. Geji ndo ilikuwa inaongea. Tangi liko besmenti hiyohiyo, sakafu moja na boila, na lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Yaani mafuta yanatakiwa kuja yenyewe kwa uzito wake, pampu haitakiwi kuvuta kitu, mshale ukae karibu na sifuri. Ulianza kwenye inchi 3, vakyumu inapimwa kwa inchi za zebaki. Ukapanda 5, ukapanda 8, polepole hivi kwamba ukiangalia kwa sekunde chache huoni kama unatembea. Ukapita 11. Vakyumu ikivuka inchi 10 hivi, hewa iliyoyeyuka ndani ya mafuta yenyewe inaanza kutoka, mapovu yanaingia kwenye pampu. Ilipokaribia 15 nikasikia sauti ya moto imebadilika, ukaanza kutetemeka, mita ya jicho ikaruka 800, ikarudi, ikaenda 1500, ikaenda 3000, moto ukafa. Nikairudishia waya za jicho, kontrola ikajaribu kuwasha tena kama ilivyopangwa, nozeli ikatema povu badala ya ukungu, sekunde 45, ikakata, kitufe kikaruka.

Hapo ugonjwa umejulikana ni wa kundi la tatu, na tena umejulikana zaidi. Mapovu kwenye mafuta yana njia mbili za kuingia. Kama kuna fitingi (kiungio cha bomba) inavuta hewa kutoka nje, utaona mapovu mengi lakini geji iko chini, manake pampu inapata hewa kirahisi haina haja ya kuvuta kwa nguvu. Kama geji iko juu, njia imeziba mahali na pampu inanyonya kitu kisichotaka kuja. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku, wanakaza fitingi zote za nyumba wakati bomba limeziba, au wanazibua bomba wakati nati moja ya filta imelegea.

Nilitaka uhakika zaidi kabla ya kumwambia mwenye nyumba atoe hela. Nikachukua dumu lenye mafuta safi, nikaweka mpira mfupi kutoka dumu mpaka kwenye pampu moja kwa moja, nikaruka filta, bomba na tangi lote. Nikawasha, nikamwambia mama apandishe termostati mpaka juu. Iliwaka bila kutetemeka saa nzima na zaidi, radieta zikawa za moto mpaka chumba cha watoto, na geji ipo chini. Hicho kipimo cha dumu nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinakata nyumba vipande viwili: upande wa boila ni mzima wote, nozeli nzima, pampu nzima, transfoma ya cheche nzima, jicho zima. Ugonjwa uko kati ya tangi na pampu. Na familia ililala na joto usiku ule kwa mafuta ya dumu, nikiwa nimewaelekeza ikikata wasiguse kitu wanipigie.

Sasa swali ambalo lilikuwa linamsumbua kila mtu pale: kama bomba limeziba, mbona mchana inawaka vizuri? Na mbona kila filta ikibadilishwa inapona siku chache? Hapa ndo utamu wa kisa ulipo.

Nozeli ya hii boila ni 0.85, yaani galoni 0.85 kwa saa kwenye presha ya psi 100, kama lita 3.2. Hayo ni mafuta kidogo sana kwa saa. Mchana jua linasaidia, termostati inaita joto dakika nane, kumi, inaridhika, boila inapumzika. Ikipumzika mafuta yanaendelea kujipenyeza kwenye tundu dogo lililobaki, polepole, yanajaza kopo la filta na vakyumu inashuka kabla ya mzunguko unaofuata. Ndani ya lile kopo, sehemu ya juu, kulikuwa na hewa kidogo imebaki, na hiyo hewa ikivutwa inatanuka, ndo maana mshale ulikuwa unapanda taratibu badala ya kuruka mara moja. Usiku kukiwa na baridi kali termostati haina kuridhika, boila inaenda nusu saa mfululizo, inakunywa haraka kuliko tundu linavyoleta. Ndo ile dakika ya ishirini. Na filta mpya? Ukifungua kopo vakyumu yote inatoka na mafuta yanayokuja yanapita kwenye kitambaa kisafi, kwaiyo unapata nafuu mpaka tope lijae tena kwenye hicho kitambaa na mdomo wa tangi uzidi kuziba. Fundi anaona imepona baada ya kubadilisha nozeli na filta pamoja, anaamini nozeli ndo iliyoponya.

Nilifungua bomba pale linapotoka kwenye vali chini ya tangi, nikaweka ndoo, nikafungua vali mpaka mwisho. Tangi lina mafuta zaidi ya nusu juu yake, yangetakiwa kumwagika kwa nguvu. Yalidondoka tone tone. Filta ya kiasi cha wiki moja ilikuwa nyeusi, na chini ya kopo kuna tope kama mashapo ya kahawa, ukilisugua kwa vidole linateleza. Nikapaka dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya kijiti nikakishusha mpaka chini ya tangi, ikabadilika rangi kwenye ncha. Maji yapo. Hayo yanatoka kwenye unyevu wa hewa unaogeuka matone kwenye kuta za tangi lisilojaa, yanazama kwa sababu ni mazito kuliko mafuta, na pale yanapokutana na mafuta kunaota vijidudu vinavyotengeneza hilo tope.

Nikamuuliza mama habari za mwaka jana. Akaeleza kwamba majira ya baridi yaliyopita mafuta yaliwaishia kabisa zaidi ya mara moja, kampuni haileti chini ya galoni 100 na hela hiyo hawakuwa nayo kwa mkupuo, kwaiyo baba alikuwa anaenda kituo cha mafuta na dumu la njano anajaza galoni 5 za dizeli anakuja kumimina. Dizeli haina shida, inawaka sawa tu, na kwa nozeli ile galoni 5 ni kama saa sita za moto mfululizo. Shida ni kwamba tangi la galoni 275 likikauka, kinachobaki chini ni tope na maji ya miaka mingi ya wapangaji waliopita, na kila dumu linalomiminwa juu yake linavuruga lile tope na kulipeleka kwenye mdomo wa bomba. Sitaki mtu asome hapa aone kama wao ndo walioharibu. Walifanya alichofanya kila mtu mwenye watoto kwenye baridi. Na kuna msaada wa serikali wa kulipia mafuta kwa wenye kipato kidogo, maombi hupitia mashirika ya jamii ya eneo lako, ila unatakiwa kuomba mapema kabla baridi haijaanza na wao hawakuwa wameambiwa.

Mwenye nyumba alitaka nizibue tu bomba kwa presha ya gesi, ni rahisi na inachukua dakika chache. Nilikataa, na nilimweleza sababu: ukipuliza unalirudisha tope ndani ya tangi, litarudi mdomoni baada ya siku kadhaa, na tutakuwa tumelipia mara ya tatu matibabu yaleyale ya siku chache. Afu hilo bomba lilikuwa shaba tupu iliyozikwa ndani ya zege la sakafu. Shaba ndani ya zege inaliwa taratibu, siku ikitoboka mafuta yanaingia ardhini bila mtu kuona, na kusafisha ardhi iliyolowa mafuta kunaweza kuzidi bei ya boila mpya mara kadhaa. Hiyo ya mwisho ndo iliyomshawishi, akalipa.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Tulivuta maji na tope kutoka chini ya tangi mpaka mafuta yakaja mekundu masafi. Vali mpya. Bomba jipya la shaba lenye ganda la plastiki, limepita ukutani pembeni mahali mtu anaona, na fitingi za kupanua mdomo wa bomba, sio zile za pete ya kubana ambazo upande wa kunyonya zinapenda kuvuta hewa. Kopo la filta jipya, kichujio cha ndani ya pampu kikasafishwa, nozeli nikaweka mpya kwa sababu ya zamani ilishakunywa uchafu. Kutoa hewa nilitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu ya pampu, unaingia kwenye chupa: kwanza povu jeupe, afu mafuta yanakohoa, afu yanakuja mekundu bila hata kipovu, na hata hapo unaacha yaende kidogo zaidi kabla ya kufunga. Nikafunga vali ya tangi nikaiacha pampu ivute mpaka geji ikavuka 10, nikazima, mshale ukasimama palepale bila kurudi, kwaiyo hakuna fitingi inayovuja. Vali ikafunguliwa, boila ikawashwa, mshale ukashuka karibu na sifuri na baada ya saa nzima ulikuwa hapohapo. Mwisho nikapima moshi: masizi sifuri, CO2 kati ya asilimia 11 na 12, mvuto wa moshi juu ya moto inchi -0.02 za maji. Kipimo cha moshi kisiachwe kamwe baada ya kugusa nozeli, hata kama moto unaonekana mzuri kwa macho.

Kama tangi lako liko nje ya nyumba, dalili zinaweza kuwa hizihizi na sababu ikawa nyingine. Mafuta haya yakishuka nyuzi chache chini ya kuganda kwa maji, kwenye -9 Selsiasi hivi, nta iliyomo inaanza kujitenga, inaziba filta na bomba lililo kwenye upepo. Geji itapanda vilevile. Hapo dawa ni kuchanganya na mafuta ya taa kabla baridi haijaja na kuhamishia filta ndani, tope halihusiki.

Ile geji nimeiacha pale kwenye bomba kabla ya pampu, sikuondoka nayo. Mama nimemwonyesha boila ikiwa inaunguruma aangalie mshale, uko karibu na sifuri, na nimeweka alama ya rangi kwenye 5: ukifika hapo anipigie mchana, asingoje usiku. Tangi lisishuke chini ya robo. Lori la mafuta likija wazime boila, wangoje masaa mawili matatu tope litulie, ndo wawashe. Na ikitokea imezima, kabla ya kugusa kitufe aandike imekaa muda gani ikiwaka kabla ya kufa na nje kulikuwa na baridi kiasi gani, kwa sababu zile dakika ishirini alizonitajia kwenye simu ndo zilinifanya nisiondoke ilipowaka mara ya kwanza.